Samaki wamepotea chini ya banio: kutafuta chanzo, dalili kwa dalili

Kila kiangazi, kuanzia Julai mpaka mvua za Novemba, malalamiko ni yaleyale kando ya mito ya mkoa wa Kigoma, Luiche, Ruchugi na Malagarasi: mto umekatika, samaki wameelea, kambale hawapandi tena, mamba kahamia mahali akina mama wanapochotea maji. Jibu la haraka huwa moja: "ni wale wa skimu," yaani wakulima wa umwagiliaji wanaochepusha mto kwa banio, ukuta unaopeleka maji mferejini. Mara nyingi ni kweli, lakini si mara zote. Na hata inapokuwa kweli, watu hubishana kuhusu maji kiasi gani yamechepushwa wakati swali la maana ni yamechepushwa lini. Maji yakichukuliwa Aprili mto umefurika, hakuna samaki atakayeumia sana. Kiasi hichohicho kikichukuliwa Septemba kinaweza kuwa ndiyo maji yote yaliyobaki.

Maelezo haya ni kwa kamati za mazingira za vijiji, BMU (vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi) na viongozi wa jumuiya za watumia maji. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi imetangulia na ile adimu iko mwisho. Anza na ukaguzi rahisi, hauna gharama.

Kabla ya dalili yoyote: pima maji juu na chini ya banio

Tafuta kipande cha mto kilichonyooka, kisicho na mawe mengi. Pima mita 10 kando ya ukingo na usimike mti kila mwisho. Tupa chungwa katikati ya mkondo, hesabu sekunde mpaka lifike mti wa pili. Chungwa ni bora kuliko kijiti kwa sababu huzama karibu lote, upepo haulisukumi. Rudia mara kadhaa upate wastani. Kisha pima upana wa mto, na kina sehemu tano hivi kutoka ng'ambo hadi ng'ambo.

Zidisha upana kwa kina cha wastani kwa kasi, halafu zidisha kwa 0.8, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Mfano: upana mita 6, kina mita 0.4, chungwa limetumia sekunde 25, yaani kasi ya mita 0.4 kwa sekunde. Unapata karibu lita 770 kwa sekunde. Fanya hivyo juu ya banio, kisha chini yake, siku hiyohiyo. Tofauti ndiyo inayoingia mferejini. Ukipata tofauti kubwa kuliko ile ambayo banio moja linaweza kubeba, kuna pampu katikati ambazo hazijatajwa kwenye mkutano.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kutazama kina peke yake. Kwenye delta ya Luiche, kina cha maji kinafuata Ziwa Tanganyika, hakifuati mto. Ziwa lilivyopanda miaka ya karibuni, maji ya delta yanaweza kuonekana tele ilhali kule juu mto unatiririka kwa shida. Pima mwendo wa maji, na upime mbali na ziwa.

*Simama hapa:* usiingie mtoni kupima mahali panapojulikana kuwa na mamba au kiboko. Malagarasi kule Nguruka si mto wa kuingia na fimbo ya kupimia. Waachie watu wa Bodi ya Maji ya bonde wenye vifaa.

Dalili ya kwanza: samaki wamekufa kwa wingi, ghafla

Kabla ya kuuliza nani kafanya, uliza nani kafa. Maiti zenyewe zinasema mengi, ila ni kwa saa chache tu. Kufikia mchana ndege na watu wameshazisomba.

Chanzo cha kawaida kabisa ni kukwama. Geti limefunguliwa lote kwa mkupuo kuingiza maji mferejini, mto chini yake umeshuka ndani ya saa moja au mbili, na samaki wamebaki pembezoni. Utawakuta kwenye mchanga, chini ya mawe na kwenye vidimbwi vilivyokatika na mkondo, wengi wao wadogo. Inama utazame mawe. Ukikuta mwani juu ya usawa wa maji ungali wa kijani na unateleza ukiugusa, maji yameshuka leo au jana. Ukikuta umekauka kuwa ganda jepesi linalobanduka kwa ukucha, maji yalishuka siku nyingi zilizopita na samaki hawa wamekufa kwa jambo lingine.

La pili ni hewa kuisha majini. Mto ukipungua sana, yanabaki madimbwi yaliyosimama, yenye joto, yenye majani yanayooza. Usiku hewa iliyoyeyuka majini hushuka, na samaki hufa karibu na mapambazuko baada ya kupanda juu wakitweta. Dalili ya wazi: perege na ningu wamekufa, kambale na kamongo wazima. Hawa wawili wanaweza kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo dimbwi bovu haliwaui haraka.

La tatu ni sumu ya shambani. Ukikuta kambale naye kafa, na kaa, na vyura, na wadudu wa majini wamelala tumbo juu, acha kufikiria hewa. Uliza ni nani kapulizia dawa majaruba ya mpunga siku mbili zilizopita na bomba la kupulizia limeoshwa wapi. Hapa uchepushaji ni mshiriki: dawa ileile ambayo mto uliojaa ungeizimua, kwenye mto wa kiangazi inakuwa kali.

La nne ni uvuvi wa sumu, ya mmea wa utupa au kitu kingine. Dalili ni majani yaliyopondwa ukingoni, na watu waliofika mapema mno wakiwa na vikapu. Uvuvi wa namna hii ni kosa la jinai, liende kwa BMU na afisa uvuvi, lisibebeshwe skimu.

Karibu na Uvinza ongeza sababu moja ya mahali hapo: chemchemi za chumvi. Mto ukiwa mdogo, maji ya chumvi hayapati maji baridi ya kutosha ya kuyapunguza.

Marekebisho. Kama ni kukwama, geti lifunguliwe kwa hatua, kidogo kidogo, kwa saa kadhaa, na vijana wawili wazungukie vidimbwi na ndoo kuwarudisha samaki kwenye mkondo. Ni kazi ya asubuhi moja na inaokoa mbegu ya mwaka mzima. Kama ni hewa, mto uachiwe maji usiku, kwa sababu saa za hatari ni za kabla ya jua. Skimu yenye bwawa la kuhifadhia inaweza kupanga hivi bila kupoteza zao.

*Simama hapa:* ukishuku sumu, samaki hao wasiliwe, wasianikwe, wasipewe bata wala mbwa. Watu wasichote maji sehemu hiyo. Chukua samaki waliokufa sasa hivi, uwaweke kwenye barafu. Jaza maji kwenye chupa safi mpaka mdomoni. Andika mahali, siku na saa. Piga simu kwa afisa uvuvi wa wilaya, afisa afya na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako Kigoma. Msianze kukamata watu wenyewe.

Dalili ya pili: mvua za kwanza zimenyesha, kambale na ningu hawakupanda

Samaki hawa hawaendi kwa kalenda. Wanangoja mto uinuke na uchafuke, ndipo wanapanda kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Ishara ikikosekana wanabaki chini, na mayai yao yanaishia tumboni.

Sababu ya kwanza ni banio lenyewe kuwa ukuta. Nenda siku ya mafuriko ya kwanza, usimame chini yake. Ukiona samaki wamesongamana hapo, wanaruka na kuanguka, huna haja ya mtaalamu kukuambia tatizo. Kambale anaweza kujivuta juu ya kitu chenye unyevu na mteremko mdogo, lakini zege lililosimama wima halipandi. Dawa yake si ghali: pengo la chini katikati ya banio linaloachwa wazi, na mawe yaliyopangwa kwa mteremko mlalo upande wa chini, maji yakipita juu yake mwaka mzima. Usikate zege mwenyewe. Banio likibomoka kwa mafuriko mtagombana miaka mitano. Mhandisi wa umwagiliaji achore.

Ya pili ni ishara kumezwa. Banio linaweza kuwa zuri, lakini mageti yote yako wazi mwezi Novemba kwa sababu kila mkulima anataka kulowesha kitalu. Mafuriko madogo ya kwanza, yale yanayowaamsha samaki, yanaingia mferejini yote. Kwa pima yako ya chungwa utaona mto juu umepanda na chini haujatikisika. Hapa ndipo ule mjadala wa lini unapoleta faida: jumuiya ikikubali kupunguza mageti kwa mafuriko mawili au matatu ya mwanzo, hasara ya kitalu ni siku chache. Sijaona makubaliano yanayowapa wavuvi na wakulima faida kubwa kwa gharama ndogo kuliko haya.

Ya tatu haipendwi kusemwa mkutanoni: migono na nyigo, yaani mitego na uzio wa samaki, zilizofunga mto kutoka ukingo hadi ukingo. Mvuvi anayelalamikia banio mchana huku ana uzio wake usiku yupo, na anajulikana. Pitia mto alfajiri kabla ya kuandika barua.

Ya nne, samaki wanafika juu lakini hakuna pa kutagia, kwa sababu bonde limelimwa mpaka kwenye maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe. Tunajua hali ilivyo. Hata ukanda wa hatua kumi wa majani na matete unaofurika kila mwaka ni bora kuliko jembe lililofika mtoni.

Dalili ya tatu: vifaranga wa samaki wanaonekana shambani

Hii wengi hawaichukulii kama tatizo. Siku mfereji unapofungwa ili mpunga ukauke kabla ya kuvuna, nenda kwenye jaruba la mwisho. Tope linachezacheza. Watoto wanachota vifaranga wa kambale urefu wa kidole, wachache wa perege, pengine ningu mdogo anayeng'aa tumboni, na jioni ni mboga. Hakuna anayewalaumu watoto. Lakini hao ndio waliotakiwa kuwa samaki wa mtoni baada ya masika mawili, na njia ya kurudi mtoni hawana.

Chanzo ni mdomo wa mfereji usio na kizuizi, au wenye kizuizi kibaya. Wavu wa kuku huzuia samaki wakubwa tu. Chandarua hujaa takataka ndani ya siku moja na kuchanika. Kinachofanya kazi ni wavu wa chuma wenye matundu madogo, uliowekwa kwa kulalia mkondo badala ya kuukinga uso kwa uso, na uliopanuliwa. Upana ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: wavu mdogo hufanya maji yavute kwa nguvu, kifaranga anagandamizwa juu yake na kufa. Wavu mpana hupunguza mvuto na anaweza kuogelea akajinasua. Mpe mtu mmoja kazi ya kuusafisha kila siku, alipwe hata kwa debe la mpunga. Asipokuwepo, wakulima wataung'oa, na watakuwa na haki. Kwa mwaka wa kwanza, kabla fedha ya wavu haijapatikana, funga mfereji kwa hatua ukianzia juu, na mvushe waliokwama kwa ndoo.

Dalili ya nne: samaki wadogo wa mawe hawaonekani tena

Hapa taratibu, kwa sababu kosa la hapa halirekebishiki.

Kwenye mikondo mikali ya mito yetu wapo samaki wasiozidi urefu wa kiganja ambao soko haliwajui. Mwaka 1998 wanasayansi waliwaelezea kadhaa wa jamii ya Orthochromis kutoka mkoa huu na jirani: Orthochromis luichensis wa Luiche, O. kasuluensis wa upande wa Kasulu, O. uvinzae wa Uvinza. Makazi yao ni mawe yaliyooshwa na maji yanayokimbia, sehemu chache tu duniani, na sehemu hizo ndizo mhandisi anazozipenda kwa banio au kwa mtambo wa umeme, maana pana mwamba na mteremko.

Chanzo cha kawaida ni mawe kufunikwa na tope. Maji yakipungua, nguvu ya kusukuma mchanga inakwisha. Pitisha mkono juu ya jiwe lililo majini: likiwa la kukwaruza chini ya vidole, ni zima, likiwa na utando wa tope unaopanda kama wingu, samaki hao wanakosa chakula. Tope linaweza kutoka mashamba ya mlimani hata kama hakuna banio, kwa hiyo linganisha na mawe ya juu ya banio. Juu pakiwa safi na chini pana tope, ni uchepushaji. Pote pakiwa na tope, anzeni na mlima.

Chanzo cha pili, kikali zaidi, ni kipande cha mto kilichorukwa: maji yanaondolewa juu ya maporomoko na kurudishwa chini yake. Kwenye karatasi hakuna maji yaliyopotea. Kwa samaki wa maporomoko yamepotea yote. Mfano wa Tanzania nzima ni maporomoko ya Kihansi. Chura wa pale aligunduliwa 1996, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa tayari unajengwa. Maji yalipochepushwa, unyunyu wa maporomoko ulipungua kwa karibu asilimia 90. Zikafungwa bomba za kunyunyizia, lakini ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu nao ukaingia, na mwaka 2009 chura akatangazwa kutoweka porini. Waliobaki walikuwa wakizalishwa kwenye bustani za wanyama Marekani, Bronx na Toledo, na kuanza kurudishwa 2012. Gharama ya kumrudisha chura mmoja mdogo haifanani hata kidogo na gharama ya kumtafuta kabla ya kujenga.

Huku kwetu, mpango wa mwanzo wa umeme wa maporomoko ya Igamba, uliokuwemo kwenye mkataba wa msaada wa Marekani wa 2008, uliachwa baada ya uchunguzi kuonyesha hatari kwa viumbe adimu. Mradi mkubwa uliofuata Malagarasi, wa megawati 49.5, ndio unaotakiwa kuulizwa maswali haya: kiangazi, kipande cha mto kati ya mahali pa kuchukulia maji na mtambo kitabaki na lita ngapi kwa sekunde, na nani anapima?

*Simama hapa:* msiokote, msihamishe, wala msijaribu kufuga samaki hawa bwawani "kuwaokoa". Piga picha, andika mahali, wapelekee TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi), wana kituo Kigoma. Kama ujenzi unaendelea, taarifa iende pia NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Dalili ya tano: perege wapo, lakini si wale

Mara nyingi ni sato wa kufugwa waliotoroka. Mabwawa ya samaki yakiunganishwa na mfereji, mafuriko ya kwanza huwamwaga mtoni, na huzaana na perege wa asili, akiwemo Oreochromis malagarasi ambaye ni wa mfumo huu wa mto pekee. Weka wavu kwenye tundu la kutolea maji la bwawa, na bwawa lijengwe juu ya usawa wa mafuriko. Wakishaingia mtoni huwezi kuwatoa.

Dalili ya sita: mamba, viboko na wanyama wengine wanaolindwa wamebadili mwendo

Kiangazi kikikata mto, wanyama husongamana kwenye madimbwi yaliyobaki, na hayo ndiyo watu wanayochotea. Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mwaka 1993, viboko walirundikana hivyo hivyo kwenye madimbwi machafu. Kwa hiyo mamba mpya mahali pa kuchotea si lazima iwe mamba wameongezeka. Pengine mto umempokonya dimbwi lake. Ukaguzi rahisi: uliza dimbwi kubwa la juu limekauka lini na mamba ameonekana lini. Tatizo ni la usalama kwanza. Hamisheni mahali pa kuchotea, jengeni uzio wa miti majini, na wapigieni TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) au afisa wanyamapori. Msimwekee sumu.

Kwenye eneo oevu la Malagarasi-Muyovozi, lililoingizwa orodha ya Ramsar mwaka 2000 likiwa na hekta milioni 3.25, mambo ni mapana zaidi. Korongo-nyangumi, yule ndege wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, anakula kamongo na kambale kwenye mafunjo yenye maji haba, na hujenga tago lake mafuriko yanaposhuka. Akitoweka mahali, tazama kwanza moto na ng'ombe. Mafunjo yakikauka, vyote viwili huingia, na nzohe, yule swala wa mafunjo, naye anakosa pa kujificha. Maji yaliyochukuliwa juu huwa ndiyo yaliyofungua mlango. Kuna upande wa pili unaosahaulika: maji mengi yakiachiwa ghafla kutoka bwawani katikati ya kiangazi yanazamisha matago. Kama mnaachia maji, achieni polepole.

Dalili ya saba: dagaa na migebuka wamepungua ziwani

Hapa msilaumu banio. Samaki hawa wanataga ziwani. Tafiti zilizochapishwa tangu 2003 zinahusisha kupungua kwa chakula chao na ziwa kupata joto, na juhudi ya uvuvi imeongezeka. Ndiyo sababu ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Samaki wa midomo ya mito ni habari nyingine, rudi dalili ya pili.

Mkiamua kwenda Bodi ya Maji

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaweka matumizi ya nyumbani mbele, kisha akiba ya mazingira, yaani maji ya kuuweka mto hai, ndipo kilimo, umeme na mengine. Anayechepusha mto anatakiwa awe na kibali, na kibali kinataja kiasi. Ombeni kuona kibali hicho kabla ya kulumbana. Nendeni na vipimo vya juu na chini ya banio vya angalau mwezi mmoja wa kiangazi, vyenye tarehe na saa, picha zilizopigwa mahali palepale kila mara, na majina ya mabanio na pampu zote, zikiwemo za ndugu zenu. Orodha yenye pampu za wengine tu haimalizi dakika tano mezani. Ombeni jambo moja lenye tarehe, kwa mfano mageti yapunguzwe nusu kuanzia Septemba 1 hadi mafuriko ya tatu, na mseme ni nani wa jumuiya atakayeshika ufunguo.

*Simama hapa:* banio la mtu lisivunjwe usiku. Maji yatashuka kwa mkupuo, yatazoa majaruba na kukwamisha samaki wengine kule juu, na kesi itakuwa yenu.